Kabla ya kununua simu nafuu, pima umri wake: Galaxy A06 kwenye mizani

KATIKA maduka ya simu ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, kama ilivyo katika yale ya mtaa wa Luthuli jijini Nairobi, maboksi ya simu janja za bei nafuu yana desturi moja. Tarakimu kubwa huandikwa mbele, na ndogo huandikwa nyuma. Mbele huwekwa ukubwa wa kamera, ukubwa wa betri na idadi ya gigabaiti. Nyuma, kama yameandikwa kabisa, ndiko yaliko mambo yatakayoamua iwapo simu hiyo itaendelea kumfaa mnunuzi baada ya miaka 2, au itamlazimu kurudi dukani na fedha nyingine.

Jambo hilo si dogo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007 na nchini Tanzania mwaka 2008, simu imegeuka kuwa pochi ya mwananchi. Leo mama lishe hupokea malipo kwa simu, dereva wa bodaboda hupata abiria kwa simu, na mzazi hulipa karo ya mwanawe kwa simu hiyo hiyo. Simu inapokwama, kazi hukwama. Simu inapodukuliwa, akiba huwa hatarini.

Kwa sababu hiyo, kuipima simu nafuu kunahitaji mizani tofauti na ile inayotumika kupima simu za gharama kubwa. Mwenye kununua simu ya mamilioni anaweza kuibadilisha akiichoka. Mwenye kununua simu nafuu, mara nyingi kwa fedha alizodunduliza au kwa mkopo, anahitaji kujua itamtumikia kwa muda gani.

Mfano mzuri wa kupimia mizani hiyo ni Galaxy A06 ya kampuni ya Samsung ya Korea Kusini, iliyotolewa Agosti 2024. Ilipoingia katika soko la India mwezi mmoja baadaye, toleo lake lenye hifadhi ya GB 64 lilitangazwa kwa rupia 9,999, kiasi kilichokuwa karibu dola 120 za Marekani. Katika masoko ya Afrika Mashariki bei hutofautiana kulingana na kodi, duka na ukubwa wa hifadhi, lakini simu hiyo imekaa katika kundi la zile ambazo mwananchi wa kipato cha kawaida huziwazia anapotaka simu janja mpya.

Kioo kikubwa, picha ya wastani

Jambo la kwanza linaloonekana kwa macho ni ukubwa. A06 ina kioo cha inchi 6.7, sawa na simu nyingi za gharama mara tano yake. Kwa mtu mwenye macho yaliyochoka, kwa mwanafunzi anayesoma vitabu kwenye simu, au kwa mfanyabiashara anayepitia orodha ya bidhaa, ukubwa huo ni manufaa ya kweli. Herufi zinaweza kukuzwa bila ukurasa kuvurugika.

Hata hivyo, kioo hicho kina nukta 720 kwa 1,600 tu. Nukta hizo zikitandazwa katika eneo la inchi 6.7, kila inchi hupata nukta 262 hivi. Anayesoma ujumbe wa WhatsApp hatalalamika, lakini anayetazama filamu au kusoma maandishi madogo ataona kwamba kingo za herufi si kali kama zinavyokuwa katika kioo chenye nukta nyingi zaidi.

Kioo hicho ni cha aina ya LCD, ambacho huangazwa na taa iliyo nyuma yake, tofauti na vile vya AMOLED ambavyo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe. Ndiyo maana rangi nyeusi huonekana kama kijivu kilichokolea, na juani vioo vya daraja hili huwapa shida wanaofanya kazi nje. Aidha, picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde, ilhali simu kadhaa za washindani katika bei hiyo hufikisha mara 90. Tofauti hiyo huonekana mtumiaji anapoperuzi kurasa kwa haraka: katika A06 maandishi huonekana kurukaruka kidogo.

Udhaifu huo una upande wake wa faida. Kioo chenye nukta chache na kasi ndogo hakili umeme mwingi, na betri hupata nafuu. Katika simu za bei nafuu, kila pungufu huwa limenunua kitu fulani mahali pengine, na kazi ya mnunuzi ni kujua ni kitu gani kimenunuliwa.

Ubongo wa mwaka 2020

Ndani ya A06 mna prosesa, yaani ubongo wa simu, iitwayo Helio G85, iliyotengenezwa na kampuni ya MediaTek ya Taiwan. Ina viini 8: 2 vyenye nguvu zaidi kwa kazi nzito na 6 vya kubana matumizi kwa kazi nyepesi. Kwa kupiga simu, kutuma fedha, kusoma habari, kutazama video na kutumia ramani, inatosha.

Lakini prosesa hiyo ilitangazwa mwaka 2020. Maana yake ni kwamba simu ilipofika sokoni, ubongo wake ulikuwa tayari na miaka 4. Ndiyo hiyo hiyo iliyotumika pia katika mtangulizi wake, Galaxy A05, ya mwaka 2023. Programu hukua kila mwaka na kudai nguvu zaidi, kwa hiyo simu inayoanza safari ikiwa nyuma hubaki na nafasi ndogo ya kuvumilia miaka inayokuja.

Linaloumiza zaidi prosesa kuliko uzee wake ni kumbukumbu ya kazi, ambayo wauzaji huiita RAM. Hii ni kama meza ya fundi: kadiri ilivyo pana, ndivyo anavyoweza kuweka vifaa vingi mbele yake bila kuvirudisha kabatini. A06 huuzwa ikiwa na GB 4 au GB 6. Katika ile ya GB 4, mfumo endeshi wenyewe hukalia sehemu kubwa ya meza, na kinachobaki hugawanywa kati ya programu zote alizofungua mtumiaji.

Mathalani, dereva anayetumia programu ya kupokea abiria, ramani na WhatsApp kwa wakati mmoja huona kwamba anaporudi katika programu ya kwanza, inaanza kujifungua upya. Si kwamba simu imeharibika. Meza imejaa, na fundi amelazimika kukirudisha kabatini kifaa kimoja ili apate mahali pa kingine.

Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa macho na hesabu ya madukani. Baadhi ya wauzaji huitangaza simu ya GB 4 kuwa ni ya GB 8, wakidai kuna GB 4 za nyongeza. Nyongeza hiyo si kumbukumbu ya kweli. Ni sehemu ya hifadhi ya kawaida inayoazimwa ili isaidie meza inapojaa, na kasi yake ni ndogo mno ikilinganishwa na RAM halisi. Husaidia kidogo, lakini haiwezi kuifanya simu ya GB 4 kuwa simu ya GB 8.

Kuhusu hifadhi yenyewe, yaani kabati, A06 huja na GB 64 au GB 128. Katika ile ya GB 64, mfumo endeshi na programu zilizokuja nao huwa zimekwisha kujitwalia fungu kubwa kabla mnunuzi hajaweka picha hata moja. Makundi ya WhatsApp ya familia, ya kazini na ya harusi hujaza kinachobaki kwa kasi ambayo wengi hawaitarajii. Simu hiyo inapokea kadi ya kumbukumbu ya hadi terabaiti 1, na hilo ni jambo la kusifiwa, kwa kuwa simu nyingi za gharama kubwa zimeacha kabisa nafasi ya kadi. Lakini kadi hufaa kwa picha, muziki na video. Programu huhitaji kabati la ndani, na likijaa simu nzima huwa nzito.

Iwapo tofauti ya bei ni ndogo, basi, toleo la GB 128 ndilo lenye maana kwa mtu anayetaka kuishi na simu hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Kamera yenye sifa kuliko uwezo

Hakuna tarakimu inayouza simu nafuu kama megapikseli. Kwenye boksi la A06 imeandikwa kamera ya megapikseli 50. Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nayo tarakimu hiyo hutembezwa sana.

Ukweli ni kwamba katika matumizi ya kawaida kamera hiyo huunganisha nukta 4 kuwa 1 ili kukusanya mwanga zaidi, na picha inayotoka huwa na megapikseli 12.5 hivi. Utaratibu huo si udanganyifu. Ni njia nzuri ya kupata picha safi kwa kutumia kihisi kidogo. Kosa ni kudhani kwamba megapikseli 50 za simu nafuu ni sawa na megapikseli 50 za simu ya gharama. Ubora wa picha hutegemea zaidi ukubwa wa kihisi kinachopokea mwanga, ubora wa lenzi na nguvu ya prosesa inayoichakata picha.

Kutokana na hilo, mchana wenye mwanga wa kutosha A06 hutoa picha zinazofaa kabisa kutumwa kwa jamaa, kutangazia bidhaa au kuhifadhi nakala ya hati. Usiku, au ndani ya ukumbi wa harusi wenye mwanga hafifu, picha hupoteza undani na vitu vinavyotembea huacha ukungu. Kamera haina kifaa cha kuituliza mkono unapotetemeka, na video za mtu anayetembea hutikisika.

Kamera ya pili ya nyuma ni ya megapikseli 2 na kazi yake ni kupima umbali ili mandhari ya nyuma ya mtu yatiwe ukungu. Mchango wake ni mdogo, na uwepo wake hufanya simu ionekane ina kamera mbili. Ya mbele ina megapikseli 8, ambazo zinatosha kwa mazungumzo ya video.

Betri ya kutwa, chaja ya kutafuta

Ikiwa kuna eneo ambalo A06 inastahili sifa bila masharti mengi, ni betri. Ina ujazo wa mAh 5,000, na kwa kuwa kioo chake hakili umeme mwingi, mtumiaji wa kawaida anaweza kutoka asubuhi na kurudi jioni bila kutafuta soketi. Kwa mkazi wa mji unaokatikiwa umeme, au anayeshinda sokoni, faida hiyo huzidi ubora wowote wa kioo.

Simu hiyo hupokea umeme kwa kasi ya wati 25, kiwango kizuri kwa bei yake. Simu kadhaa za kundi hilo huishia wati 10. Tatizo ni kwamba ndani ya boksi hamna chaja, bali waya tu. Mnunuzi asiyejua hilo hutumia chaja ya zamani iliyoko nyumbani, na simu huchukua saa nyingi kujaa. Anayetaka kasi iliyotangazwa hana budi kununua chaja inayokubaliana nayo, na gharama hiyo inapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya bei ya simu. Chaja bandia za bei ya kutupa si mbadala, kwani huweza kuiharibu betri au kusababisha moto.

Linalofaa kukumbukwa pia ni kwamba betri ni kitu kinachozeeka. Betri za lithiamu hupoteza uwezo wake polepole kwa kila mzunguko wa kujaa na kuisha, na baada ya mizunguko mia kadhaa, mAh 5,000 huwa si 5,000 tena. Zamani hilo halikuwa tatizo. Mwenye Nokia 1100, simu ya tochi iliyotolewa mwaka 2003, alifungua kifuniko kwa kidole, akatoa betri ya BL-5C na kuweka nyingine. Katika A06, kama ilivyo katika karibu simu janja zote za leo, betri imefungiwa ndani na kuibadilisha ni kazi ya fundi. Habari njema ni kwamba kwa simu zinazouzwa kwa wingi, vioo na betri hupatikana kwa urahisi na mafundi wamezizoea.

Laini mbili, lakini si kizazi cha tano

A06 hutumia laini mbili, jambo ambalo kwa Afrika Mashariki si anasa. Watu wengi huwa na laini moja kwa ajili ya fedha na nyingine kwa ajili ya vifurushi vya intaneti. Tundu la spika za masikioni la milimita 3.5 lipo, na kisoma alama za vidole kimewekwa kwenye kitufe cha kuwashia. Hicho cha mwisho hakikuwepo katika Galaxy A05, na ni nyongeza yenye uzito: anayefungua simu kwa kidole mbele za watu haonyeshi namba yake ya siri kwa aliyeketi jirani yake kwenye daladala.

Simu hiyo haitumii mtandao wa kizazi cha tano, 5G. Vodacom ilizindua mtandao huo Tanzania Septemba 2022 na Safaricom ikaufungua kwa wateja wa Kenya Oktoba mwaka huo huo. Kwa matumizi ya kawaida, 4G yenye mawimbi mazuri inatosha, na asiyeishi katika eneo lenye 5G hapotezi chochote kwa sasa. Samsung ilitoa toleo la 5G la simu hiyo mwaka 2025, lakini ni simu nyingine yenye prosesa nyingine, na mnunuzi anapaswa kusoma jina lote lililo kwenye boksi.

Pungufu jingine ni kwamba A06 ya kawaida haina kiwango rasmi cha kuzuia maji na vumbi. Mvua ya ghafla ya masika au ndoo ya maji jikoni inaweza kuwa mwisho wake.

Umri wa simu: Tarakimu isiyotangazwa

Yote hayo hapo juu mnunuzi anaweza kuyaona dukani au kuyasikia kwa rafiki. Lililo muhimu kuliko yote halionekani kwa macho: simu itaendelea kupokea masasisho ya usalama hadi lini?

Masasisho ni marekebisho ambayo mtengenezaji huyatuma kwenye simu kwa njia ya intaneti ili kuziba mianya iliyogunduliwa katika mfumo endeshi. Mianya hiyo hugunduliwa kila mwezi. Wahalifu nao huisoma orodha ya iliyogunduliwa na kuzitafuta simu ambazo hazijazibwa. Simu iliyoacha kupokea masasisho huendelea kuwaka, kupiga na kutuma ujumbe kama kawaida, na hapo ndipo hatari ilipo. Inafanana na nyumba ambayo kitasa chake kimejulikana na wezi wote wa mtaa, huku mwenye nyumba akiendelea kufunga mlango kila usiku kwa amani.

Baada ya muda, hata programu zenyewe huanza kuitenga simu ya zamani. WhatsApp iliacha kufanya kazi katika simu za Android 2.3.7 na za chini yake Februari 1, 2020, na kuanzia Oktoba 24, 2023 ikataka Android 5.0 au zaidi. Programu za benki hufuata mkondo huo huo.

Katika eneo hili A06 ilifanya vizuri kuliko wengi wa bei yake. Samsung iliahidi masasisho ya usalama kwa miaka 4 na matoleo makubwa 2 ya mfumo endeshi. Kwa kuwa simu ilitoka na Android 14, ahadi ya matoleo inaishia Android 16, na ya usalama inafika mwaka 2028.

Lakini kuna kifungu ambacho wanunuzi wengi hukipita bila kukiona. Miaka hiyo 4 huhesabiwa tangu simu ilipotolewa sokoni, si tangu mteja alipoitoa dukani. Aliyeinunua mwishoni mwa mwaka 2024 alipata karibu miaka 4. Atakayeinunua mwishoni mwa mwaka 2026, hata ikiwa mpya kabisa na boksi lake halijafunguliwa, atakuwa amenunua miaka 2 hivi. Bei itakuwa imeshuka, naye atafurahi. Kilichoshuka, hata hivyo, si bei peke yake bali na umri uliobaki.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Simu ya Sh 360,000 yenye miaka 4 ya usalama humgharimu mwenyewe Sh 7,500 kwa mwezi. Simu ya Sh 240,000 iliyobakiwa na mwaka mmoja na nusu humgharimu zaidi ya Sh 13,000 kwa mwezi. Iliyoonekana ghali dukani ndiyo nafuu, na iliyoonekana nafuu ndiyo ghali.

Hesabu hiyo huwa nzito zaidi kwa anayenunua kwa mkopo. Mipango ya kulipa kidogo kidogo, kama Lipa Mdogo Mdogo ambayo Safaricom iliianzisha mwaka 2020 kwa malipo ya Sh 20 za Kenya kwa siku, imewafungulia mlango watu ambao wasingeweza kutoa fedha zote kwa mkupuo. Katika mikopo ya namna hiyo simu huweza kufungwa kutoka mbali mteja anapokosa kulipa, na jumla ya malipo huzidi bei ya taslimu. Mkopo unaomalizika mwaka mmoja kwa simu iliyobakiwa na miaka 2 maana yake ni kwamba mnunuzi ataimiliki kwa uhuru nusu tu ya umri wake salama.

Washindani walioko kandokando

A06 haiko peke yake. Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen nchini China, zimelijua soko la Afrika kwa muda mrefu na mara nyingi hutoa RAM na hifadhi kubwa zaidi kwa bei hiyo hiyo, pamoja na chaja ndani ya boksi. Anayejali kasi na nafasi anaweza kupata zaidi huko. Analopaswa kuuliza ni muda wa masasisho wa modeli husika, kwa kuwa simu za daraja la chini kabisa, za chapa yoyote, ndizo husahaulika mapema.

Kenya nayo ina simu zinazounganishwa nyumbani. Oktoba 30, 2023 Rais William Ruto alizindua kiwanda cha Athi River, na simu zake za mwanzo, Neon Smarta na Neon Ultra, zikatangazwa kwa Sh 7,499 na Sh 8,999 za Kenya. Kwa anayetoka kwenye simu ya kitochi, hizo ni ngazi ya kwanza. Kwa anayetegemea simu kwa kazi ya siku nzima, ngazi hiyo ni fupi.

Kundi la tatu ni simu za kifahari zilizotumika, zinazoingizwa kutoka nje. Kwa fedha za A06 mtu anaweza kupata, kwa mfano, Galaxy S9 ya mwaka 2018, yenye kioo cha AMOLED, kamera bora na uwezo wa kuhimili maji. Mkononi inaishinda A06 kwa mbali. Lakini masasisho yake yalikoma mwaka 2022 na betri yake imezeeka. Ni gari la kifahari lisilo na breki.

Mshindani mkali zaidi ametoka katika nyumba ile ile. Mwaka 2025 Samsung ilitoa Galaxy A07, yenye prosesa ya Helio G99, kioo cha kasi ya mara 90 kwa sekunde, kinga ya matone ya maji na vumbi, na ahadi ya masasisho ya miaka 6. Nukta za kioo zimebaki zile zile, lakini umri umeongezeka mno. Duka likiwa nazo zote mbili, na tofauti ya bei si kubwa, sababu za kuchagua A06 ni chache.

Nani ainunue, nani aiache

Kwa mzazi anayetaka simu yenye kioo kikubwa ya kuongea na wanawe kwa video, kwa muuza duka anayepokea malipo na kupiga picha za bidhaa, na kwa mwanafunzi anayesoma masomo mtandaoni, A06 ya GB 128 ni chombo cha kutegemewa, mradi bei yake iendane na miaka iliyobaki.

Kwa anayecheza michezo mizito, anayepiga picha usiku kwa ajili ya biashara, au anayefanya kazi juani na mvuani, simu hiyo itamchosha mapema. Toleo la GB 4 na GB 64 nalo lisinunuliwe kwa kishawishi cha bei pekee, kwa kuwa ndilo litakalojaa kwanza.

Yeyote atakayeamua kununua anafaa kufanya mambo machache akiwa bado kaunta. Abonyeze *#06# na kulinganisha namba ya utambulisho inayotokea na ile iliyo kwenye boksi. Tanzania ilizima simu bandia Juni 2016, na Kenya ilifanya hivyo Septemba 2012, na waliopoteza ni waliokwisha kulipa. Afungue mipangilio na kusoma tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Aangalie ukubwa halisi wa RAM bila nyongeza ya kuazimwa. Adai risiti na dhamana ya maandishi. Kisha amuulize muuzaji swali moja ambalo boksi halilijibu: simu hii ilitolewa mwaka gani, na itasasishwa hadi mwaka gani?

Muuzaji akijibu kwa kutaja megapikseli, mnunuzi ana haki ya kuzirudisha fedha zake mfukoni na kwenda duka la pili.